Mashine Mia Tatu za Mkono wa Kushoto

Nyumbani kwetu mimi ndiye mwenye hasira na dada yangu ndiye mwenye akili, na hakuna aliyewahi kulalamikia mgawanyo huo isipokuwa mimi. Watu humwita Fundi. Hata Mama humwita Fundi. Jina lake halisi hulitumia akiwa ameudhika tu. Mimi naitwa Shoto kwa sababu ya mkono wangu wa kushoto, na jina hilo nilipewa zamani, kabla sijaota ulimi wa kulikataa.

Fundi alianza kwa kutengeneza redio na simu za watu. Halafu akaamua atatengeneza mashine yake mwenyewe ya kuchezea gemu, ile ndogo ya kushika kwa mikono miwili, akaiita Kiganja. Watu walimcheka kweupe. Walimwambia biashara hiyo ina wenyewe, kampuni ambayo nembo yake iko hadi kwenye soksi za watoto. Sisi karakanani tulikuwa tukiwaita Wakubwa, basi. Wao hawakutucheka, maana hawakuwa na habari kama tupo.

Karakana yetu ni chumba nyuma ya duka la dobi. Ukuta mmoja una joto mwaka mzima kwa sababu upande wa pili kuna pasi kubwa ya mvuke, na kila pasi inaposhuka, vikombe vyetu vinatikisika. Meza yetu ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya makabati mawili. Tundu la funguo bado lipo, na ndipo tunapopitishia waya wa taa. Fundi anachora saketi na kuandika gemu zenyewe, mimi nachomea vipuri na kupima kila kitu kabla hakijafungwa. Hatuna mtu wa tatu.

Mtu akiniuliza watu wawili wanawezaje kusimama mbele ya Wakubwa, namweleza habari ya vioo. Wakubwa huchora mashine wanayoitaka, kisha wanaagiza vioo vyake, shehena nzima kwa mkupuo mmoja, na viwanda vinawainamia. Sisi kiwanda hakitupokelei hata simu. Kwa hiyo Fundi huanzia mwisho. Anatafuta kwanza vioo vilivyokosa mwenyewe mahali fulani, halafu anakaa navyo, anavigeuzageuza, na kuchora mashine ya kuvifaa. Kiganja cha kwanza kilikuwa na vioo vya mashine za kutolea nakala. Cha pili kilikuwa na vioo vya mashine za tikiti, virefu na vyembamba, naye akavitungia gemu ya mtu anayepanda ngazi. Nimemwona akishika kioo ambacho kila mtu amekitupa, akatabasamu kama aliyepokea barua kutoka kwa rafiki. Mimi ningekitupa pia. Nakiri.

Mwaka huu tulipata vioo mia tatu na kidogo kutoka kiwanda cha mizani kilichofunga milango. Vilikuwa vya zile mizani za dukani zinazoonyesha uzito na bei, vya mraba, vizito kidogo, na vyenye rangi nzuri ajabu. Karibu wakati huohuo mwenye duka kubwa la vifaa vya umeme alituagiza mashine mia tatu. Alitaka ziwe rafuni Jumamosi ileile ambayo Wakubwa wangetoa mashine yao mpya, ili asiyeimudu ile asiondoke mikono mitupu. Haikuwa heshima kubwa, lakini ilikuwa oda kubwa kuliko zote tulizowahi kupata.

Na katika wiki hizohizo ikaja barua ya Wakubwa. Kumbe mtu wao mmoja alinunua Kiganja, akakifungua, akaona kilichomo ndani. Walimtaka Fundi akawafanyie kazi ya kuchora mashine zao. Sharti lilikuwa moja, Kiganja kife na karakana ifungwe. Walitaka jibu Jumatatu, siku mbili baada ya Jumamosi ile.

Mama aliisoma barua mara tatu. Alikuwa mpiga chapa ofisini kwa maisha yake yote ya kazi na anaziheshimu barua. Alisema huko kuna mshahara usiokosa, kuna matibabu, na kuna viti vyenye mgongo wa kuegemea. Alisema pia, bila kunitazama, kwamba Shoto hatakosa kazi mahali. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, kama kawaida yake, kisha akamwambia: mashine mia tatu zikipokelewa, tunabaki. Zisipopokelewa, atatia sahihi. Mama akakubali. Mimi hakuna aliyeniuliza, lakini nilinuna ili wajue nipo.

Tukafanya kazi. Nilivipima vioo vyote kabla ya kuvipiga gundi, kimoja kimoja, kila kimoja kikiwa kimekaa ndani ya mashine yake, kwa ule mchoro wetu wa kupimia ambao ni mistari ya rangi tupu. Vyote vilitoka vizuri, na nilijisifu kwa yeyote aliyepita, hata kwa dobi. Jumatano asubuhi mashine ya mia tatu ilipigwa gundi na kufungwa. Fundi akavuta moja, akaketi kwenye ndoo yake, akaiwasha ili acheze gemu ya tarishi anayeruka madimbwi, ambayo aliitunga kwa ajili ya kioo kile cha mraba lakini alikuwa ameijaribu kwenye kompyuta tu.

Nikamwona uso unabadilika. Akaiweka chini, akachukua nyingine. Akachukua ya tatu.

Nilisogea nikatazama begani kwake. Tarishi alikuwa amefifia kama shati lililofuliwa mara mia. Madimbwi hayakuonekana kabisa. Weusi ulikuwa kijivu, na wekundu ulikuwa hauna jina.

Aliniuliza kwa upole kama nilikuwa nimevipima vile vioo. Upole wake ulinichoma kuliko tusi. Nilimjibu kwa ukali kwamba nilivipima vyote, na kama hakuniamini basi apime mwenyewe.

"Nakuamini," akasema. "Nionyeshe ulivyopima."

Nikachukua mashine, nikaweka mchoro wa mistari, nikaishika ninavyoishika siku zote. Rangi zikawaka vizuri kama nilivyosema. Nikamgeukia kwa ushindi. Fundi hakuwa anakitazama kioo, alikuwa anaitazama mikono yangu.

"Shoto, umeishika kichwa chini."

Nikaangalia. Ni kweli. Jina Kiganja, lililochapwa chini ya kioo, lilikuwa juu, limepinduka.

Hapa inanibidi nieleze. Tulipokuwa watoto tulikuwa na mashine moja tu ya gemu, kuukuu, ya Wakubwa, tuliyorithi kwa binamu. Mashine hizo zote zimeumbwa hivi: kidole gumba cha kushoto kinakaa juu ya msalaba wa kumwongoza mtu kwenda huku na huku, na cha kulia kinakaa juu ya vitufe vya kuruka na kupiga. Kidole changu chenye akili ni cha kushoto, nacho hakikutaka kuongoza, kilitaka kuruka. Nilikuwa na miaka sita, sikujua kulalamika kwa kiwanda. Niliigeuza mashine kichwa chini nikawa nacheza hivyohivyo, picha nayo ikiwa kichwa chini, watu wakitembea darini. Nilizoea. Nilimshinda Fundi mara nyingi kuliko anavyopenda isemwe. Na tangu siku zile, nikipewa mashine ya namna hiyo, mikono yangu huigeuza yenyewe bila kuniomba ruhusa.

Basi nilikuwa nimevipima vioo mia tatu kutoka upande wangu mimi. Na vioo vya mizani, Fundi alinieleza, hutengenezwa vitazamwe kutoka upande mmoja, upande anaosimama muuzaji. Ukivitazama kutoka upande wa pili vinakufa rangi. Sisi tulivifunga vikamtazama muuzaji ambaye hayupo. Mtu mwingine yeyote angegundua kwenye kioo cha kwanza.

Nililia. Sioni aibu kusema. Nilisema tufungue zote tugeuze vioo, na Fundi akanionyesha ulimi wa waya uliotoka pembeni mwa kioo, mfupi, usioweza kufika upande wa pili wa saketi. Na gundi ilikwishakauka, ukilazimisha kioo kinapasuka. Zilikuwa zimebaki siku mbili na nusu. Nilimwambia nimemuua. Nilimwambia aende kwa Wakubwa akakae kwenye kiti chenye mgongo, aniache na dobi.

Fundi alikuwa ameichukua ile mashine na kuishika kama ninavyoishika mimi, kichwa chini, msalaba kuliani, vitufe vya kuruka kushotoni. Alijaribu kucheza, na tarishi wake, kichwa chini, akatumbukia kwenye kila dimbwi. Akajaribu tena.

"Miaka yote ile," akasema polepole, "nilidhani unafanya makusudi kunikera."

"Mara nyingine nilifanya makusudi."

Akacheka. Akavuta kompyuta yake, na kwa muda ambao dobi angenyoosha mashati manne, akaiandikia Kiganja amri ya kupindua picha na msalaba pamoja. Akanipa. Tarishi alisimama wima, ana rangi zake zote, na madimbwi yaling'aa. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilicheza gemu isiyo kichwa chini kwa kidole kilicho changu. Niliruka madimbwi yote mpaka mwisho wa mtaa wa tarishi, na nilipoinua macho nilimkuta Fundi ananitazama kwa uso ambao sijawahi kuuona kwake, kama mtu anayeomba radhi kwa jambo la zamani.

Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Mimi nilikuwa na mashine mia tatu mbovu. Yeye, katika chumba kilekile na juu ya mlango uleule, alikuwa na mashine mia tatu za mashoto, na alijua kwamba Wakubwa wasingetengeneza hata moja. Si kwamba hawawezi. Wangeuliza tuko wangapi, wangepata hesabu, na hesabu ingewaambia waendelee na safari yao. Nilitaka tubandike karatasi juu ya lile jina lililopinduka. Fundi alikataa, akasema ndivyo zilivyozaliwa.

Mwenye duka hakufurahi. Aliishika mashine kama mtu aliyepewa kiatu cha mguu mmoja.

"Sasa hii ni ya nani?" akauliza.

"Ya huyu," Fundi akasema, akaninyooshea kidole.

"Peke yake?"

"Wako wengi. Hakuna aliyewahi kuwauliza."

Mwenye duka alikuwa mtu wa kupima maneno, na kwa hilo siwezi kumlaumu. Alisema oda yake ilikuwa ya mashine za kawaida na hizi si za kawaida. Lakini angetupa meza ndogo, mashine thelathini, na Jumamosi nzima. Zikiondoka zote thelathini kabla hajafunga duka, atazipokea mia mbili na sabini zilizobaki. Ikibaki hata moja, zirudi zote. Fundi akampa mkono.

Jumamosi foleni ya Wakubwa ilianzia ndani ya duka, ikatoka mlangoni, ikazunguka kona. Ukuta mzima ulikuwa na bango lao. Na mashine yao, tusidanganyane, ilikuwa nzuri. Niliishika. Kioo chake kilikuwa safi kama dirisha lililofunguliwa, na betri yake ilikuwa inaishi mara tatu ya yetu. Meza yetu ilikuwa karibu na ndoo ya miavuli. Fundi aliweka mashine thelathini kwa safu, akasimama nyuma yake na shati lake la kazi lenye alama ya kuungua.

Saa ya kwanza hatukuuza hata moja. Watu waliinua Kiganja, wakaona jina limepinduka, wakairudisha. Mmoja alituambia kwa huruma kwamba imechapwa vibaya. Saa ya pili tuliuza moja, kwa mtu aliyedhani ni mizani. Maji yalikuwa yanatufika shingoni, na Fundi alikuwa anapanga upya ile safu ambayo haikuharibika.

Nikapandwa na hasira, na hasira yangu siku hiyo ilitufaa. Niliiacha meza nikaenda kuitembelea foleni yao.

Mtu wa mkono wa kulia hamjui shoto hata akikaa naye miaka kumi. Sisi tunajuana. Saa yake iko mkono wa kulia. Simu anaitoa mfuko wa kushoto. Akiandika, mkono wake unafuata nyuma ya maneno na kuyafuta, kwa hiyo ukingo wa kiganja chake una wino. Alikuwapo muuguzi aliyetoka zamu, saa yake kulia. Nikamsogelea nikamwambia, wewe ni shoto. Akashtuka kana kwamba nimemtaja jina. Nikamwekea Kiganja mikononi. Vidole vyake vilikaa mahali pake bila kuelekezwa, akaruka dimbwi la kwanza, la pili, la tatu, kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama ziko nyingine, maana kaka yake naye ni hivyohivyo.

Nikapita foleni nzima. Nilimkuta fundi cherehani aliyebeba mkasi wake mwenyewe mfukoni kwa sababu mikasi ya watu wengine humtia malengelenge. Nilimkuta mwalimu wa hesabu mwenye wino kiganjani. Nilimkuta baba mmoja na binti yake mdogo, na binti aliposhika mashine, baba akasema alikuwa akidhani mtoto wake ni mzito wa vidole. Wengi hawakutoka kwenye foleni ya Wakubwa. Walinunua ya Wakubwa, na yetu pia. Sikujali. Fundi mezani alikuwa anaeleza kila mtu jinsi ya kuifungua kwa bisibisi, anawaandikia namba yetu kwa penseli, na uso wake ulikuwa unawaka.

Mama alikuja alasiri na mkoba wake, amevaa vizuri kama anayekwenda ofisini. Alisema amekuja kuona tu. Alisimama pembeni akaitazama foleni ya Wakubwa kwa heshima yake yote.

Mwenye duka alipoanza kuzima taa za nyuma, mezani ilikuwa imebaki mashine moja. Nilitoka mlangoni nikatazama barabara yote, huku na huku, natafuta saa kwenye mkono wa kulia. Sikuiona. Nikarudi. Mwenye duka alisema anasikitika kweli, na niliona kwamba anasikitika, lakini neno lake lilikuwa neno.

Mama akaichukua ile mashine ya mwisho. Akafungua mkoba.

Mwenye duka akatikisa kichwa. Alisema mama yetu hahesabiki. Huo ungekuwa ununuzi wa huruma, na mashine ni za mashoto. Mimi nilikubaliana naye moyoni, kwa uchungu. Mama huyu ndiye aliyenifundisha kuandika kabla sijaanza shule, akiihamisha penseli kutoka mkono wangu wa kushoto kwenda wa kulia, na kuihamisha tena, na rula ikiwa juu ya meza. Rula hiyo naijua kwa inchi na kwa sentimita.

Mama aliiwasha mashine, akamweka tarishi barabarani. Kidole gumba cha kushoto kikaanza kufanya kazi. Hakikubabaika. Kilipiga kitufe kwa mdundo, haraka, sawasawa, kama kilivyokuwa kikipiga chapa zamani, na tarishi akavuka dimbwi baada ya dimbwi, akapita mahali ambapo Fundi mwenyewe huanguka. Nikayatazama macho ya mama yangu, naye hakuyainua.

"Mimi nilipigwa shuleni," akasema, akiwa bado anacheza. "Mpaka mkono ukavimba. Kwenye mashine ya chapa tu ndipo hawakuweza kunizuia, kwa sababu huko mikono yote miwili ni halali. Nilikuwa nataka nikuepushe, Shoto. Nilidhani kwangu kutauma kidogo kuliko kwao."

Nilitaka kukasirika. Nilitafuta hasira yangu mahali ninapoiweka siku zote na sikuikuta.

Mwenye duka akaleta kitabu cha wanunuzi na kalamu. Mama akaishika kalamu kwa mkono wa kulia, akasita, akaihamisha. Aliandika jina lake kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa, zimeyumba kama za mtoto wa chekechea, na ukingo wa kiganja chake ukazifuta zile za mwanzo. Mwenye duka alisoma, akafunga kitabu, akamwambia Fundi alete zilizobaki Jumatatu asubuhi.

Wakubwa waliuza siku hiyo, kabla ya chakula cha mchana, mashine nyingi kuliko tutakazotengeneza sisi maisha yetu yote. Sijidanganyi kwamba waliona lolote.

Fundi akatoa ile barua yao mfukoni, akaikunjua juu ya meza tupu, akaisukuma mbele ya Mama. Alimwomba aandike jibu pale chini, na hakumwomba kama Fundi bali kama mtoto anavyomwomba mama yake. Mama alisema jibu lazima lipigwe chapa, kuna utaratibu. Fundi akasema liandikwe, na liandikwe kwa mkono ule.

Ilimchukua dakika nzima kuandika neno hapana. Tuliituma hivyohivyo, na wino wake uliofutika.